Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kujenga Mifumo ya Wavuti: Upande wa Mbele na Upande wa Nyuma

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo sisi tunaojenga mifumo ya wavuti hapa Dodoma tunaulizwa zaidi, mengine na wanafunzi wa kompyuta wanaokuja kwa mafunzo kwa vitendo, mengine na wafanyabiashara ambao tayari wana mfumo na mfumo wenyewe unawasumbua. Ili msomaji asipotee, mfano tunaourudia ni mmoja: mfanyabiashara wa nafaka na mafuta ya alizeti mwenye ghala Kibaigwa na ofisi Dodoma mjini, anayepokea oda kupitia tovuti na kulipwa kwa simu. Mfanyabiashara huyo ni wa kubuni, lakini makosa yanayotajwa humu ama tumeyafanya wenyewe ama tumeitwa kuyarekebisha.

Upande wa mbele ni upi, wa nyuma ni upi, na mpaka wake uko wapi?

Upande wa mbele ni kila kinachofanyika ndani ya kivinjari cha mtumiaji: HTML inayobeba maudhui, CSS inayoyapanga, na JavaScript inayoyafanya yaitikie kidole. Upande wa nyuma ni seva, kanzidata na kazi zote ambazo mtumiaji hazioni. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayamsaidii sana mtu anayetaka kujua aandike nini wapi. Mpaka wenye faida ni wa umiliki. Simu ni mali ya mteja, na chochote ulichokituma kwenye simu yake anaweza kukisoma, kukibadilisha au kukizima. Seva ni mali yako, na hapo tu ndipo unapoweza kusema jambo fulani limefanyika kweli.

Fikiria ghala lenye karani wa mapokezi na mtunza ghala. Karani humkaribisha mteja, humwelekeza, humwambia mapema kwamba fomu yake ina kasoro ili asipange foleni bure. Mtunza ghala, kwa upande wake, hatoi gunia hata moja kwa sababu eti karani alisema sawa. Anataka kuiona stakabadhi mwenyewe. Sehemu kubwa ya matatizo tunayoitiwa hutokea pale ambapo mmoja wao alidhani mwenzake ameshakagua.

Kivinjari kimeshaikagua fomu. Kwa nini seva iikague tena?

Kwa sababu ombi linaweza kufika kwenye seva bila kupita kwenye fomu yako kabisa. Mtu mwenye ujuzi wa kawaida anaweza kufungua zana za wasanidi zilizomo ndani ya kivinjari chenyewe, akabadilisha thamani iliyofichwa na kutuma. Tumekuta mfumo ambao bei ya gunia ilikuwa imehifadhiwa ndani ya fomu na seva ikaipokea kama ilivyoletwa, hivyo gunia la shilingi 98,000 lingeweza kununuliwa kwa shilingi 980. Kivinjari kitume tu utambulisho wa bidhaa na idadi. Bei itoke kwenye jedwali la seva. Ukaguzi wa mbele ubaki palepale, kwa kuwa unampunguzia mteja usumbufu na bando, ila usihesabiwe kuwa ulinzi.

Kwa nini mfumo wangu unagoma mteja akiandika kwamba anaishi Chang'ombe?

Swali hili tunalipenda kuliko yote, kwa sababu alama moja ndogo, ritifaa iliyo katikati ya jina la kata yetu, hufichua uzembe wa pande zote mbili kwa mpigo. Ukanda huu umejaa majina yenye ng', kwa hiyo mfumo ulioandikwa vibaya haumalizi hata siku ya kwanza bila kuumbuka.

Tuanze na nyuma. Katika SQL, lugha ya kuiamuru kanzidata, maandishi huwekwa kati ya ritifaa mbili. Msanidi akiunganisha amri kwa kubandika tu alichoandika mteja, ritifaa ya Chang'ombe huonekana kwenye kanzidata kama mwisho wa maandishi, na herufi zinazofuata, ombe, husomwa kama sehemu ya amri. Kanzidata haiielewi, inatoa kosa, na mteja anaona ukurasa mweupe. Hapo mteja ni mwema. Mwovu naye angeandika ritifaa kwa makusudi, kisha amri yake mwenyewe ya kusoma au kufuta jedwali zima. Kwa maneno mengine, mfumo unaogoma kwa Chang'ombe ni mfumo ulioacha mlango wazi, na mkazi wa Chang'ombe amekufanyia hisani kukuonyesha.

Tiba yake ni kutumia amri zilizoandaliwa, ambamo umbo la amri hutumwa kwenye kanzidata peke yake na data ya mteja hufuata ikiwa data tupu, isiyoweza kugeuka kuwa amri. Maktaba zote za kawaida (mikusanyo ya msimbo ulio tayari) za PHP, Python, Java na JavaScript zinaruhusu jambo hili, na wala halihitaji mistari mingi ya ziada. Dawa isiyofaa, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa, ni kuikataza ritifaa kwenye fomu. Ukifanya hivyo watu wataandika Changombe, wengine Chang ombe, na ripoti ya mauzo kwa kata itakuwa na kata tatu mahali pa moja, huku tundu la awali likiwa bado lipo kwa yeyote asiyepitia fomu.

Sasa mbele. Jina lilelile likirudishwa kwenye ukurasa ndani ya sifa ya HTML iliyozungushiwa ritifaa, hukatika vilevile, na sanduku la anwani huonyesha Chang peke yake. Kama mteja ameandika kipande cha JavaScript badala ya jina la kata, kivinjari cha mfanyakazi anayesoma oda kitakitekeleza. Kwa hiyo data husafishwa wakati wa kuonyeshwa, kulingana na mahali inapoonyeshwa. Fremuweki nyingi za leo, yaani mifupa iliyokwishaandikwa ambayo msanidi hujengea juu yake, hufanya hivyo zenyewe, ila zote zina njia ya kulizima zoezi hilo, na msanidi mwenye haraka huitumia.

Kuna na la tatu, ambalo wengi hulijua bili ikishafika. Baadhi ya simu hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Ritifaa iliyopinda haimo katika orodha ya herufi za msingi za SMS, na ujumbe ukiwa nayo, nafasi hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe ukigawanywa, kila kipande kinabeba 67 tu. Ujumbe wa herufi 150 wa kuthibitisha oda, uliokuwa SMS moja, unakuwa SMS tatu. Badilisha ritifaa zote ziwe za aina moja pale data inapoingia kwenye seva, na kwa majina ya kata, mpe mteja orodha achague.

Tovuti inafunguka haraka ofisini, lakini wateja wa Kibaigwa wanalalamika. Tatizo ni nini?

Mara nyingi tatizo ni kwamba uliipima kwenye kompyuta yako, penye mtandao wa waya, ukiwa umeshaifungua mara mia na picha zote zimo kwenye kache, yaani hifadhi ya muda ya kivinjari. Mteja anafungua kwa mara ya kwanza, kwenye simu ya bei nafuu, kwa bando la kujibana.

Anza na picha, kwa kuwa hapo ndipo faida kubwa hupatikana kwa kazi ndogo. Picha ya gunia iliyopigwa kwa simu huwa na upana wa maelfu ya nukta na uzito wa megabaiti kadhaa, na wewe unaionyesha mahali penye upana wa nukta 360. Ipunguze, iweke katika muundo mwepesi wa WebP, na andika upana na urefu wake ndani ya HTML ili kivinjari kiache nafasi mapema; bila hivyo ukurasa unaruka picha inapofika, na mteja aliyekusudia kubonyeza Ghairi anajikuta amebonyeza Lipa. Picha zilizo chini ya ukurasa zisubiri hadi mtumiaji azikaribie.

Kisha itazame JavaScript. Kilobaiti 200 za picha na kilobaiti 200 za JavaScript hazilingani kwa gharama, kwa sababu picha huchorwa tu, ilhali msimbo lazima usomwe, utafsiriwe na kutekelezwa na prosesa ya simu, ambayo katika simu nafuu ni dhaifu. Tumewahi kuondoa maktaba nzima iliyokuwa imeletwa kwa ajili ya kuandika tarehe moja.

Kuhusu vipimo, Google hutumia vitatu ambavyo nasi tunavifuata: maudhui makubwa ya ukurasa yaonekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na alama ya kurukaruka isizidi 0.1. Kipimo cha mguso kilichukua nafasi ya kingine cha zamani mwezi Machi 2024, kwa hiyo makala nyingi zilizoandikwa kabla ya hapo zimepitwa. Hata hivyo, kama huna muda wa vipimo, azima simu ya mlinzi wa ofisi, zima Wi-Fi, na ujaribu kuweka oda mwenyewe.

Je, ni lazima nitumie fremuweki?

Upande wa nyuma tunashauri ndiyo, kwa sababu Laravel, Django na wenzao wameshatatua mambo ya usalama ambayo ukianza sifuri utayakosea. Upande wa mbele inategemea. Orodha ya bidhaa na fomu ya oda haihitaji React, maktaba ya JavaScript ya kujengea skrini. HTML inayotoka kwenye seva inatosha na inafika haraka zaidi. Skrini ya mhasibu yenye majedwali yanayobadilika kila sekunde ni jambo jingine.

Mteja amebonyeza Lipa mara mbili na amekatwa mara mbili. Tulikosea wapi?

Mlikosea kwa kudhani kwamba ombi moja la mteja ni ombi moja kwenye seva. Fuatilia safari nzima: mteja anabonyeza, seva inaomba malipo kwa mtoa huduma wa fedha, simu ya mteja inaletewa dirisha la kuweka namba ya siri, mteja anaiweka, na mtoa huduma anaitaarifu seva yako. Mtandao unaweza kukatika katika kila hatua. Ukikatika baada ya seva kupokea ombi lakini kabla jibu halijamrudia mteja, yeye ataona gurudumu linazunguka tu, na mtu yeyote mwenye akili timamu atabonyeza tena.

Kukizima kitufe baada ya mbonyezo wa kwanza ni kazi ya karani. Ifanyike, ila haitoshi, kwa maana mteja anaweza kuupakia ukurasa upya. Kinachotosha ni hiki: ukurasa wa malipo unapofunguliwa, oda hupewa utambulisho wa pekee, na kila ombi la kulipa hubeba utambulisho huo. Seva ikipata utambulisho ambao imeshaushughulikia, hairudii kazi. Inarudisha jibu lilelile la kwanza. Na jambo hili lisiachiwe msimbo peke yake, kwa sababu maombi mawili yakifika kwa wakati mmoja yote yanaweza kukuta nafasi iko wazi. Weka sharti la upekee ndani ya kanzidata yenyewe, ambayo itakubali moja na kulikataa la pili.

Taarifa ya mtoa huduma nayo inaweza kuja mara mbili, ikachelewa, au isije. Kwa hiyo namba ya muamala wa mtoa huduma iwe na sharti la upekee pia. Seva ihakiki kwamba taarifa imetoka kwa mtoa huduma kweli, na kwamba kiasi kilicholipwa kinalingana na kiasi cha oda. Muda wa kusubiri ukiisha bila jibu, usiandike kwamba malipo yameshindikana. Hujui. Andika kwamba yanasubiri, mwambie mteja hivyo kwa Kiswahili kilichonyooka, na seva iendelee kumuuliza mtoa huduma. Ukurasa wa kusema asante hauthibitishi chochote, kwa kuwa anwani yake inaweza kuandikwa na mtu yeyote kwenye kivinjari. Mwisho wa siku, linganisheni orodha ya mtoa huduma na ya kwenu, na kila tofauti iangaliwe na binadamu.

Fedha na uzito vihifadhiwe kwa namna gani?

Kwa namba nzima. Kompyuta huhifadhi desimali za kawaida kwa makadirio, na ndiyo maana JavaScript ikiulizwa 0.1 jumlisha 0.2 hujibu 0.30000000000000004. Hifadhi shilingi kama shilingi, uzito kama gramu, kisha mgawanyo wa kilo na tani ufanyike wakati wa kuonyesha.

Tarehe na saa zinatuchanganya. Utaratibu mzuri ni upi?

Seva ihifadhi wakati kwa saa ya dunia, na upande wa mbele uonyeshe saa ya Afrika Mashariki, ambayo iko mbele kwa saa 3 mwaka mzima. Ripoti za siku ndizo huumbua: seva ikihesabu siku kwa saa ya dunia, oda iliyowekwa kati ya saa 6 na saa 9 usiku huangukia tarehe iliyopita, na mhasibu anatafuta hela ambayo haikupotea.

Lakini tatizo letu wenyewe ni kubwa zaidi ya hilo. Mteja wa Mpwapwa akiandika kwamba lori lije saa 2, anamaanisha saa 2 asubuhi, ambayo kwenye mfumo ni 08:00. Ukimwekea kisanduku cha kuandika saa bila maelezo, nusu ya wateja watafuata saa ya Kiswahili na nusu watafuata saa ya simu. Tulipobadilisha kisanduku hicho kuwa chaguo zilizoandikwa kwa maneno, saa 2 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, malalamiko ya lori kufika wakati usiotarajiwa yalikoma.

Kutafsiri tovuti kwa Kiswahili kuna ugumu gani? Si kubadilisha maneno tu?

Sivyo. Msanidi aliyezoea Kiingereza huunganisha sentensi kwa vipande: idadi, jina la kitu, kisha neno la hali. Kwa Kiswahili, kitenzi hufuata ngeli. Gunia 1 limepokelewa, magunia 3 yamepokelewa. Mfuko 1 umepokelewa, mifuko 3 imepokelewa. Kilo 3 zimepokelewa. Hakuna neno moja la hali litakalokaa sawa mbele ya vyote hivyo. Andika sentensi nzima kwa kila kipimo, umoja na wingi, na uziweke kwenye faili la tafsiri badala ya kuzitawanya ndani ya msimbo. Ujumbe wa makosa pia uandikwe na binadamu upya: mteja akiambiwa kwamba ingizo lake ni batili hajui afanye nini, akiambiwa namba ya simu iwe na tarakimu 10 ataihesabu. Na ukurasa utangaze lugha yake ni sw, ili programu za kusomea wasioona zisitamke Kiswahili kwa lafudhi ya Kiingereza.

Maandishi ya kijivu yanapendeza. Kwa nini mnayakataa?

Kwa sababu mteja wenu anasoma akiwa amesimama Soko la Majengo saa 7 mchana, na jua la Dodoma mnalijua. Kiwango cha kimataifa cha ufikivu, WCAG, kinataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1.

Je, kuficha kitufe kunatosha kumzuia mtu asiyehusika?

Hakutoshi hata kidogo. Tulionyeshwa mfumo ambamo mteja akifungua risiti yake, anwani huishia na namba, tuseme 1041. Akiibadilisha kuwa 1042 anaona risiti ya mtu mwingine, pamoja na jina na simu yake. Kitufe cha kuangalia risiti za wengine hakikuwapo, na msanidi aliamini kwamba amelinda. Kosa la aina hii ndilo lililowekwa namba 1 katika orodha ya mwaka 2021 ya OWASP, shirika linaloorodhesha makosa makubwa ya usalama wa wavuti. Kila ombi, bila kujali limetoka ukurasa gani, seva ijiulize maswali mawili: huyu ni nani, na je, kitu hiki ni chake?

Jambo hili limekuwa la kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azilinde taarifa hizo. Ushauri wetu wa kwanza kwa mfanyabiashara huwa ni mwepesi: kama huna kazi na tarehe ya kuzaliwa ya mteja, usimuulize.

Nywila zihifadhiwe vipi?

Zisihifadhiwe. Hifadhi zao la Argon2 au bcrypt, kanuni zinazoigeuza nywila kuwa herufi zisizoweza kurudishwa kuwa nywila, na ambazo zimeundwa ziwe za polepole ili mwizi wa kanzidata asiweze kubahatisha mamilioni kwa sekunde. MD5, kanuni ya zamani na ya haraka, haifai kwa kazi hii. Kama mfumo wako unaweza kumtumia mteja nywila yake ya zamani kwa SMS, basi umeihifadhi vibaya.

Ripoti ya mwezi inachukua dakika nzima kufunguka. Tununue seva kubwa zaidi?

Hapana, angalieni kwanza seva inauliza nini. Kosa la kawaida ni msimbo unaochukua orodha ya oda 500, kisha kwa kila oda unarudi kwenye kanzidata kuuliza jina la mteja, hivyo ripoti moja inazaa maswali 501. Swali moja linalounganisha majedwali mawili hutosha. Kosa la pili ni kukosa faharasa kwenye safu inayotafutwa, ambapo kanzidata hulazimika kusoma jedwali lote kama mtu anayetafuta neno kwenye kitabu kwa kupekua kila ukurasa. Msiweke faharasa kila safu, hata hivyo. Kila moja huongeza kazi wakati wa kuandika.

Nakala rudufu tunazo. Kuna zaidi?

Mmewahi kuirejesha hata moja? Sisi tulikuwa na utaratibu wa kila usiku uliokuwa ukitengeneza faili bila kukosa, na tulipolihitaji tukakuta faili za miezi minne iliyopita zina ukubwa wa baiti 0, kwa sababu nywila ya kanzidata ilibadilishwa na hakuna aliyeuambia ule utaratibu. Data iliokolewa kutoka kompyuta ya msanidi mmoja, kwa bahati tu. Tangu hapo, kila mwezi tunarejesha nakala kwenye seva tupu na kuhesabu oda, na nakala moja hukaa nje ya jengo.

Mteja anapiga simu kusema mfumo umegoma. Tuanzie wapi?

Kama hamjajiandaa, mtaanzia kwenye kubahatisha: aliye upande wa mbele atasema kwake kuko sawa, aliye nyuma atasema hajaona kitu. Seva ilipe kila ombi namba ya ufuatiliaji, iiandike kwenye daftari la matukio pamoja na kosa lenyewe, na iirudishe kwenye kivinjari. Kosa likitokea, seva ijibu kwa msimbo wa HTTP unaosema ukweli, 400 na kuendelea kwa kosa la ombi, 500 na kuendelea kwa kosa la seva, wala si 200 yenye neno kosa ndani yake. Mteja asionyeshwe maelezo ya ndani ya mfumo, bali sentensi moja ya kawaida na ile namba, iliyofupishwa iwe ya herufi sita. Tumeondoa herufi O na sifuri, pamoja na I na moja, kwa sababu mteja wa Manyoni huisoma namba hiyo kwa simu, mara nyingi akiwa ndani ya basi.